Kutoka Kilwa hadi Maskati: Umbali na Muda wa Safari



Umekwisha jifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Unaweza kusoma jina la basi. Unaweza kusoma bei dukani na uzito wa ufuta wako kwenye mizani. Katika somo hili tutaitumia elimu hiyo kwa jambo jingine. Tutapima safari ndefu, kutoka pwani yetu ya Kilwa hadi Maskati, mji mkuu wa Omani.

Kwa nini Maskati? Kwa sababu watu wa pwani yetu wamekuwa na jamaa huko tangu zamani. Wengine huenda kufanya kazi. Wengine huenda kuwaona ndugu zao au kumwuguza mgonjwa. Tiketi ya ndege si kitu rahisi. Pengine ni fedha za ufuta au korosho za msimu mzima. Tiketi nyingi za bei nafuu hazirudishiwi fedha mtu akichelewa. Mtu asiyejua kusoma saa ya tiketi anaweza kufika kiwanjani akakuta ndege imekwisha ruka. Fedha zimepotea, na deni limebaki nyumbani.

Ukimaliza somo hili utaweza kufanya mambo manne:

1. Kupata muda wa safari kwa kugawanya umbali kwa mwendo.
2. Kusoma saa ya tiketi na kuigeuza kuwa saa ya Kiswahili.
3. Kujua kwa nini saa ya Maskati si sawa na saa ya Kilwa.
4. Kupanga safari na kuweka muda wa akiba.

Soma polepole. Uwe na kalamu na daftari karibu.

SEHEMU YA KWANZA: UMBALI NA MUDA

Waulize watu wawili kama Nangurukuru ni mbali na Kilwa Masoko. Mwenye gari atasema: "Si mbali, ni mara moja tu." Mwenye baiskeli atasema: "Ni mbali, utatoka jasho." Wote wawili wanasema kweli. Mmoja anapima kwa gari, mwingine anapima kwa miguu yake.

Umbali ni urefu wa njia. Tunaupima kwa kilomita. Umbali haubadiliki kwa sababu ya chombo. Muda ni saa zinazotumika njiani. Muda hubadilika kila chombo kinapobadilika.

Kanuni yake ni hii:

MUDA = UMBALI ÷ MWENDO

Mwendo ni kilomita ambazo chombo hukata katika saa moja. Tazama mifano hii:

Mtu kwa miguu: kilomita 5 kwa saa.
Jahazi lenye upepo mzuri: kama kilomita 10 kwa saa.
Basi, pamoja na kusimama vituoni: kama kilomita 50 kwa saa.
Ndege kubwa: kama kilomita 800 kwa saa.

Basi linaweza kukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Lakini husimama kupakia na kuteremsha abiria, nao abiria hushuka kula. Ndege nayo huweza kupita kilomita 800 kwa saa ikiwa juu angani. Lakini hupunguza mwendo inapopaa na inapotua. Kwa hiyo tunachukua mwendo wa wastani, yaani mwendo wa safari nzima.

SEHEMU YA PILI: NJIA YA BARABARA NA NJIA YA ANGA

Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 300. Lakini ukipiga mstari ulionyooka juu ya ramani, utapata karibu kilomita 235 tu. Kwa nini pana tofauti?

Barabara haiwezi kwenda inakotaka. Katikati upo mto Rufiji. Karibu na bahari mto huu hugawanyika mikono mingi, na pale pana matope na mikoko. Barabara hulazimika kwenda bara kidogo ili ipate mahali pa kuvuka. Zamani magari yalivuka kwa kivuko cha Ndundu. Wakati wa masika watu wa Kilwa, Lindi na Mtwara walisumbuka sana. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Tangu hapo mto haukuwa tena kizuizi kama zamani.

Ndege haihitaji daraja. Inapita juu ya mto, juu ya mikoko na juu ya bahari. Kilwa Masoko kuna kiwanja kidogo cha ndege, na Lindi kuna kiwanja cha Kikwetu. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 250 kwa saa ingekata zile kilomita 235 kwa muda usiotimia saa moja.

Sasa twende mbali zaidi. Dunia ni mviringo kama chungwa. Chukua chungwa na uzi. Weka alama mbili kwenye ganda la chungwa: moja ni Dar es Salaam, nyingine ni Maskati. Vuta uzi kutoka alama hadi alama mpaka ukaze. Uzi uliokaza ndiyo njia fupi kuliko zote. Marubani hujaribu kuifuata njia kama hiyo.

Ukipima hivyo, kutoka Dar es Salaam hadi Maskati ni karibu kilomita 4,000. Njia hiyo inaelekea kaskazini mashariki. Inapita juu ya nchi ya Somalia, kisha juu ya bahari, kisha inaingia kusini mwa Omani.

Tufanye hesabu:

Kilomita 4,000 ÷ kilomita 800 kwa saa = saa 5.

Kwa hiyo ndege isiyotua mahali pengine hutumia muda wa saa tano hivi. Ndege inayopita mji mwingine kwanza itatumia muda mrefu zaidi. Pengine abiria atakaa nusu siku nzima akingoja ndege ya pili. Kabla ya kununua tiketi uliza: "Ndege hii inakwenda moja kwa moja, au inatua njiani? Inatua wapi, na kwa muda gani?"

SEHEMU YA TATU: WAZEE WETU WALISAFIRI VIPI?

Safari ya Arabuni si jambo jipya Kilwa. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji mkubwa wa biashara kabla hawajafika Wareno. Mwaka 1331 alifika pale msafiri maarufu, Ibn Battuta, mtu wa Moroko. Alikuja kwa jahazi kutoka kaskazini. Alipoondoka alipanda jahazi tena akaenda mpaka Dhofari, katika nchi ambayo leo ni Omani.

Majahazi yalitegemea pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi. Huo ndio uliowaleta wageni kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili mpaka Septemba. Huo ndio uliowarudisha kwao. Nahodha hakuchagua siku ya kurudi. Upepo ndio uliochagua.

Tufanye hesabu ya jahazi. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, usiku na mchana, jahazi hukata kilomita 240 kwa siku moja.

Kilomita 4,000 ÷ kilomita 240 kwa siku = karibu siku 17.

Lakini hiyo ni hesabu ya karatasi. Majahazi yalifuata pwani, yakaingia bandarini kutafuta maji, kuni na biashara. Upepo nao haukuwa mzuri kila siku. Kwa hiyo safari ilichukua wiki tatu, nne au zaidi.

Katika miaka ya 1830 hadi 1840 Seyyid Said, mtawala wa Omani, alihamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Alitawala nchi zilizotenganishwa na safari ya wiki nyingi. Barua iliyokwenda na kusi ilingoja kaskazi ili jibu lake lirudi. Mtu aliuliza habari ya mgonjwa mwaka ukiwa mchanga, akapata jibu mwaka unakwisha.

Leo umbali ni ule ule. Maskati haikusogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni mwendo wa chombo.

SEHEMU YA NNE: KWA NINI SAA ZINATOFAUTIANA?

Chukua tena lile chungwa. Usiku, liweke mbele ya taa. Utaona upande mmoja una mwanga, upande wa pili una giza. Sasa lizungushe polepole. Sehemu iliyokuwa gizani inaingia kwenye mwanga. Hivyo ndivyo dunia inavyozunguka mbele ya jua, mara moja kila saa 24.

Kwa sababu hiyo jua halichomozi mahali pote kwa wakati mmoja. Nchi zilizo mashariki huliona mapema kuliko zilizo magharibi. Maskati iko mbali kaskazini, lakini pia iko mashariki yetu. Kwa hiyo saa ya Maskati iko mbele ya saa ya Tanzania kwa saa moja.

Kilwa ikiwa saa mbili asubuhi, Maskati ni saa tatu asubuhi.
Kilwa ikiwa saa nne usiku, Maskati ni saa tano usiku.

Je, kila mji wa mbali una saa tofauti na yetu? Hapana. Jidda, mji wanakoshukia mahujaji wengi, ni mbali pia. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 3,000. Lakini Jidda iko kaskazini moja kwa moja. Haiko mashariki yetu wala magharibi yetu. Kwa hiyo saa ya Jidda ni sawa na saa ya Kilwa. Kumbuka: kwenda kaskazini au kusini moja kwa moja hakubadilishi saa. Kinachobadilisha saa ni kwenda mashariki au magharibi.

Sasa tazama mfano huu. Saa hizi ni za mfano tu, si ratiba ya ndege.

KWENDA: Ndege inaruka Dar es Salaam saa kumi na nusu jioni. Inatua Maskati saa nne na nusu usiku kwa saa ya Maskati. Ukihesabu kwa vidole unapata saa sita. Lakini ndege imekaa angani saa tano tu. Ile saa moja ni tofauti ya saa za nchi mbili.

KURUDI: Ndege inaruka Maskati saa tatu asubuhi kwa saa ya Maskati. Inatua Dar es Salaam saa saba mchana kwa saa yetu. Ukihesabu kwa vidole unapata saa nne. Lakini ndege imekaa angani saa tano vile vile.

Mtu asiyejua jambo hili atasema: "Ndege ya kurudi ina mbio kuliko ya kwenda." Wewe sasa unaweza kumweleza.

Jambo moja ulishike sana: saa ya kuondoka iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji unaoondoka. Saa ya kufika ni saa ya mji unaofika.

SEHEMU YA TANO: KUSOMA SAA YA TIKETI

Sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapotua. Tiketi ya ndege huanza kuhesabu katikati ya usiku, na huhesabu mpaka 24 bila kurudia. Tiketi haiandiki asubuhi, mchana wala usiku. Huandika tarakimu tu, kwa mfano 16:30. Tarakimu za kwanza ni saa. Tarakimu za pili ni dakika.

Ili kugeuza saa ya tiketi kuwa saa ya Kiswahili, fuata kanuni tatu:

Kanuni ya 1. Kuanzia 00 mpaka 06, ongeza 6.
Kanuni ya 2. Kuanzia 07 mpaka 18, toa 6.
Kanuni ya 3. Kuanzia 19 mpaka 23, toa 18.

Dakika usiziguse. Ziache zilivyo.

Tazama mifano:

00:00 ni saa sita usiku.
03:00 ni saa tisa usiku.
06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi.
07:00 ni saa moja asubuhi.
13:30 ni saa saba na nusu mchana.
16:30 ni saa kumi na nusu jioni.
19:00 ni saa moja usiku.
22:30 ni saa nne na nusu usiku.

Tahadhari ya kwanza. Lugha yetu hutumia neno "saa" kwa mambo mawili. "Saa tano asubuhi" ni wakati. "Muda wa saa tano" ni urefu wa safari. Ukimwambia mtu "saa tano" bila kueleza, anaweza kukosea. Pia ndugu aliye Maskati akikuambia kwa simu, "Nitafika saa nne," muulize: "Saa nne ya Kiswahili au saa nne ya tiketi? Na ni saa ya huko au ya hapa?"

Tahadhari ya pili. Hii ni kubwa zaidi, nayo ni ya tarehe. Tuseme tiketi imeandikwa: Jumamosi, tarehe 14, saa 03:00. Hiyo ni saa tisa usiku. Ni usiku upi?

Kwa tiketi, siku mpya huanza saa sita ya usiku. Kwa hiyo ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa tarehe 13 watu wameswali, wamekula chakula cha usiku, wamelala. Ndege inaruka kabla ya alfajiri ya Jumamosi. Msafiri lazima atoke nyumbani Ijumaa jioni. Akingoja mpaka Jumamosi usiku, ndege itakuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Wazee wa pwani huhesabu kwamba siku huanza magharibi, jua likitua. Ijumaa baada ya magharibi wao husema ni usiku wa Jumamosi. Kwa tiketi ya saa 03:00, hesabu ya wazee inakubaliana na tiketi. Lakini kwa tiketi ya Jumamosi saa 22:00, hesabu hizi hazikubaliani. Mzee atauita usiku huo usiku wa Jumapili, na tiketi inasema bado ni Jumamosi. Kwa hiyo ukimsomea mtu tiketi yake, usiseme tu "Jumamosi usiku." Sema hivi: "Utatoka nyumbani Ijumaa jioni, baada ya alasiri." Hapo hatakosea.

SEHEMU YA SITA: TUPANGE SAFARI

Tumchukue mama mmoja wa Kilwa Masoko. Binti yake yuko Maskati, na amefanyiwa upasuaji. Mama anakwenda kumwuguza. Jamaa wamechanga, na tiketi imepatikana. Imeandikwa: DAR – MCT, Jumanne, 16:30.

DAR ni alama ya Dar es Salaam. MCT ni alama ya Maskati. 16:30 ni saa kumi na nusu jioni.

Wasafiri wa nchi za nje hutakiwa kufika kiwanjani muda wa saa tatu kabla ya ndege kuruka. Pale mizigo hupimwa na pasipoti hukaguliwa. Meza ya kupokea abiria hufungwa ndege ikiwa bado iko chini. Anayefika meza imefungwa huiona ndege yake kwa macho, lakini hawezi kuipanda.

Tuhesabu kurudi nyuma:

Ndege inaruka saa kumi na nusu jioni.
Toa saa tatu. Mama awe kiwanjani saa saba na nusu mchana.
Kutoka stendi ya basi mpaka Kiwanja cha Julius Nyerere, kwa foleni za mjini, tumpe saa moja na nusu. Ateremke basini saa sita mchana.
Basi: kilomita 300 ÷ kilomita 50 kwa saa = saa 6. Aondoke Kilwa saa kumi na mbili asubuhi.

Mtu mmoja atasema: "Basi la asubuhi linatosha." Kwa karatasi, kweli linatosha. Lakini tazama vizuri. Hakuna hata nusu saa ya akiba. Gurudumu likipata pancha, mama amechelewa. Mvua ikinyesha, amechelewa.

Nasi tunaijua barabara yetu. Mapema Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii. Maji yalikata barabara huko Somanga, na magari ya kwenda na kutoka kusini yakakwama. Siku kama hiyo kanuni ya kugawanya haisaidii. Mwendo wa basi lililosimama ni sifuri.

Kwa hiyo mama aondoke Jumatatu, alale kwa jamaa Dar es Salaam. Wakati wa masika aondoke siku mbili au tatu kabla. Gharama ya kulala mjini ni ndogo kuliko gharama ya tiketi iliyopotea.

Umeona jambo la ajabu? Kilomita 300 za barabara zinakula saa sita. Kilomita 4,000 za anga zinakula saa tano. Kwa mtu wa Kilwa, sehemu ndefu ya safari ya Maskati ni ile ya kufika kwenye ndege.

SEHEMU YA SABA: JE, TUMSUBIRI?

Kuna siku ambayo hesabu hii huhitajika kwa haraka, nayo ni siku ya msiba.

Tuseme mzee amefariki Kilwa Kivinje alfajiri. Saa mbili asubuhi mwanawe aliye Maskati anapigiwa simu. Kwake ni saa tatu. Analia, anasema: "Nisubirini nimzike baba yangu." Barazani wazee wanashauriana. Mmoja anasema: "Ndege ni saa tano tu. Atafika alasiri, tutazika leo." Je, ni kweli?

Tuhesabu. Tuseme amebahatika kupata ndege ya siku hiyo hiyo, inayoruka saa nane mchana kwa saa ya Maskati.

Saa nane mchana ya Maskati ni saa saba mchana kwetu.
Ongeza saa tano za angani. Anatua Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni.
Ongeza saa mbili za kukaguliwa, kuchukua mzigo na kuvuka mji. Ni saa mbili usiku.
Ongeza kama saa sita za barabara. Ni saa nane usiku.

Kwa hiyo hawezi kufika alasiri. Atafika usiku wa manane, tena akisafiri gizani akiwa amechoka na ana majonzi. Hiyo ni ikiwa ndege imepatikana. Isipopatikana, ni kesho au kesho kutwa.

Somo hili haliwaambii wazee wazike lini. Hilo ni lao, kwa dini yao na desturi zao. Lakini sasa wanaamua wakiwa na hesabu mkononi. Wanaweza kumwambia kijana: "Ukipata ndege ya leo, tutakungoja mpaka kesho asubuhi. Usipopata, tutazika, nawe utakuja kusoma dua." Kijana naye hatasema baadaye kwamba alidanganywa. Ugomvi mwingi wa misiba huanza kwa sababu ya ahadi isiyopimwa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Muda ni umbali uliogawanywa kwa mwendo.
2. Dar es Salaam hadi Maskati ni karibu kilomita 4,000, muda wa saa tano hivi kwa ndege isiyotua njiani.
3. Saa ya Maskati iko mbele ya yetu kwa saa moja.
4. Siku ya tiketi huanza saa sita ya usiku.
5. Hesabu kuanzia saa ya ndege kurudi nyuma mpaka mlangoni kwako. Kisha ongeza akiba.

MANENO YA KUJIFUNZA

Akiba: kitu kilichowekwa kwa ajili ya haja ya baadaye.
Mwendo wa wastani: mwendo wa safari nzima, ukichanganya wa haraka na wa polepole.
Nahodha: mkuu wa jahazi.
Rubani: mwendesha ndege.
Tarakimu: alama za hesabu, kama 1, 2 na 3.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini njia ya barabara kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam ni ndefu kuliko njia ya anga?
2. Wazee wenu walisafiri wapi kwa jahazi? Waulizeni walitumia siku ngapi, na walikwenda na upepo gani.
3. Katika kijiji chenu, masika hukata njia wapi? Msafiri wa kijiji chenu aweke akiba ya siku ngapi?
4. Jirani asiyejua kusoma amekuletea tiketi. Utamsomea nini kwanza, nini pili, nini tatu?

HESABU

1. Kutoka Lindi hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 450. Basi lina mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Likiondoka Lindi saa kumi na mbili asubuhi, litafika saa ngapi?
2. Tiketi imeandikwa 05:45. Ni saa ngapi ya Kiswahili? Msafiri awe kiwanjani saa ngapi?
3. Tuseme kutoka Dar es Salaam hadi Jidda ni kilomita 3,200. Ndege ina mwendo wa kilomita 800 kwa saa. Ikiruka saa mbili usiku, itatua saa ngapi kwa saa ya Jidda?
4. Unataka kumpigia simu ndugu yako saa mbili usiku ya Maskati. Kilwa itakuwa saa ngapi?

MAJIBU

Jaribu kwanza mwenyewe. Kisha tazama hapa.

1. 450 ÷ 50 = 9. Litafika saa tisa alasiri.
2. Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Awe kiwanjani saa tisa kasorobo usiku, yaani 02:45.
3. 3,200 ÷ 800 = 4. Itatua saa sita usiku, kwa sababu saa ya Jidda ni sawa na yetu.
4. Saa moja usiku.

Ukikosea, rudia sehemu inayohusika, kisha jaribu tena. Ukipata yote, mwendee jirani mwenye safari, umsomee tiketi yake.